Kigari cha Kale kwenye Njia ya Misafara

Hoja ninayoileta mezani ni hii: anayetaka kuijua njia ya kale ya misafara, ile iliyoanzia Bagamoyo ikapita Mpwapwa, Ugogo na Tabora hadi Ujiji, ataijua vizuri zaidi akiipita kwa kigari kidogo cha miaka ya 1950 au 1960 kuliko kwa gari kubwa la kisasa linalovuta kwa magurudumu yote manne. Kwa kigari nakusudia Volkswagen Beetle, Morris Minor, Citroën 2CV, Fiat 500 na jamaa zao: injini isiyozidi lita moja na robo, uzito wa kilo 800 hivi au pungufu, na kompyuta hakuna. Najua hoja yenyewe inachekesha, na wanaoicheka wana sababu. Ndiyo maana nimewaalika wanne kati yao tubishane: Fundi wa gereji moja ya Tabora mjini, Mwalimu wa historia, Dereva wa lori la masafa marefu, na Mwongoza Watalii mwenye Land Cruiser zake mbili. Watu hawa nimewabuni. Pingamizi zao sikuzibuni.

Aanze Mwongoza Watalii, kwa kuwa ndiye mwenye haraka.

"Ndugu mwandishi, tuache ushairi. Gari langu lina matangi mawili ya mafuta, friji, hema juu ya paa na maji ya kutosha siku nne. Naondoka Dodoma alfajiri, jioni niko Tabora, na mgeni wangu hajaomba hata kiberiti kwa mtu. Sasa hicho kigari chako kitamwonyesha nini ambacho mimi sikumwonyesha?"

Hapo kwenye kiberiti ndipo tunapoachana, ndugu yangu. Ukizisoma habari za misafara ya karne ya 19, ziwe za Burton na Stanley, au zile ambazo Tippu Tip alizisimulia kwa Kiswahili chake mwenyewe, hutaona msafara uliobeba chakula cha safari nzima. Haikuwezekana. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32, nao ulikuwa nguo, shanga na nyaya za shaba wakati wa kwenda bara, na pembe za ndovu wakati wa kurudi pwani. Merikani na kaniki ndizo zilizokuwa fedha ya njiani, zikikatwa kipande kwa kipande kununulia mtama, kuku, na mara nyingine maji. Kila kambi kwa hiyo ilikuwa soko, na msafara uliogombana na wenyeji ulilala njaa hata kama ulikuwa tajiri. Ugogoni visima vilikuwa na wenyewe. Watemi wa Kigogo walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, na misafara yenye bunduki nyingi ilikaa siku kadhaa ikijadiliana bei, kwa sababu bunduki haichoti maji. Baada ya Ugogo lilikuja pori la Mgunda Mkali, upande wa Itigi ya leo, ambako watu walilazimika kufanya terekeza: kuondoka kambini mchana na kulala njiani bila maji, ili kesho yake wafike yalipo. Vituo, visima, masoko na mapatano ndivyo vilivyoifanya njia iwe njia. Mstari wenyewe ulioko kwenye ramani ulihamahama kila palipotokea vita au ukame.

Tabora ndipo jambo hili linapoonekana waziwazi kuliko mahali pengine. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika huko, pakiitwa Kazeh, mwezi wa Novemba: zaidi ya miezi minne. Walipofika, wapagazi wao Wanyamwezi walitua mizigo wakaenda makwao, maana wao walikuwa wamekwisha kufika. Wazungu wale wawili wakakaa wiki kadhaa kwa fadhila ya mwenyeji wao Mwarabu, Snay bin Amir, wakitafuta watu wapya wa kuwafikisha Ujiji. Stanley alifika Tabora Juni 1871 akaikuta vita ya mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe, nchi ya Tabora yenyewe. Akaingia vitani, upande wake ukashindwa, na ilipofika Septemba akaizunguka nchi ya Mirambo kwa kusini ndipo akapanda kwenda Uvinza. Livingstone naye aliachwa Kwihara, nje kidogo ya mji, kuanzia Machi 1872 hadi Agosti akingoja watu watumwe kutoka pwani. Mtu anayedhani safari za siku hizo zilikuwa kutembea atapunguziwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ilikuwa kungoja, kuomba, kulipa, na kukaa barazani kwa mtu usiyemjua mpaka mambo yawe tayari.

Land Cruiser yenye matangi mawili imebuniwa mahususi kumwondolea msafiri haya yote. Hilo si kosa lake, ndiyo kazi yake. Lakini ukishaviondoa vituo, kilichobaki ni pori la miombo likipita dirishani, kilomita baada ya kilomita, na miombo ina uzuri wake ila haisimulii lolote kuhusu misafara. Kigari kina tangi la lita 40 kikiwa Beetle, na lita 20 na ushee kikiwa Fiat 500. Msafiri wake hana budi kuuliza mafuta yanapatikana wapi mbele, tena aulize watu wawili. Kwa kuwa hakina kiyoyozi, vioo vinashushwa, na akiingia mji wowote sauti za mji zinaingia naye. Akishika njia ya kusini ya Sikonge na Ipole, na mbung'o nao wataingia, kwa sababu mdudu huyo huvutwa na kitu kikubwa kinachotembea. Sisemi kuwa kuumwa na mbung'o ni elimu. Nasema kuwa chombo chenye upungufu kinamrudisha msafiri mikononi mwa watu wa njiani, na watu wa njiani ndio njia yenyewe.

"Lakini hayo nayafanya nikitaka," akajibu Mwongoza Watalii. "Nasimama pale barabarani, mgeni anashuka, ananunua asali, anapiga picha, tunaendelea."

Nakubali, na asali ya Tabora inastahili kusimamishiwa gari. Ila angalia nani anayechagua. Mgeni anayesimama akitaka huchagua watu wa kuwaona, na kwa kawaida huwachagua wale ambao tayari wamemzoea mgeni. Anayesimama kwa sababu waya wa klachi umekatika hachagui. Atakutana na aliyepo: kijana wa bodaboda, mzee anayerudi shambani, mwenye duka la vocha na sabuni. Burton hakumchagua Snay bin Amir katika orodha ya wenyeji. Alimpata kwa sababu alikuwa na shida, na sehemu kubwa ya yale aliyoyaandika kuhusu nchi za maziwa aliyapata kwa mwenyeji huyo.

Fundi alikuwa amenyamaza, akifuta mikono kwa tambara.

"Mimi siwezi kubishana na vitabu," akasema. "Nauliza la gereji. Niletewe Beetle leo, pointi na kondensa nitazitoa wapi? Spea zilizopo hapa ni za Toyota, za Fuso, na za pikipiki za Kihindi na za Kichina. Vijana wangu hawajawahi kuseti pointi hata siku moja. Na hizo injini za zamani zilizoea petroli yenye risasi. Ukizilisha hii ya sasa, siti za valvu zinaliwa."

Fundi, uliyosema kuhusu spea ni kweli tupu, na yeyote anayeondoka Bagamoyo akitegemea kuokota kabureta ya Morris Minor njiani hajui anachofanya. Lakini hesabu mambo yanayoweza kukisimamisha kigari: pointi, kondensa, plagi, koili, mkanda wa feni, waya wa klachi, waya wa akselereta, pampu ya mafuta, pancha. Vyote hivyo, pamoja na spana zake, vinaingia ndani ya frasila mbili za mpagazi. Mwenye kuvibeba, na akajifunza kuviweka kabla ya kuondoka, amebeba karibu gereji nzima ya kigari chake. Na vijana wako hawajaseti pointi kwa sababu hazijaletwa. Kuziseti ni kazi ya kufundishwa kwa asubuhi moja, kwa kipimo chembamba cha chuma na jicho. Gari jipya la dizeli lenye sensa na kompyuta likizimika Kaliua, ujuzi wako wote wa miaka mingi hautoshi, kwa sababu lile gari halikukusudiwa wewe ulifungue. Litabebwa. Mtu anayeweza kukereza bushi kwenye mashine, kuchomelea bamba la springi na kuziba tangi anaweza zaidi kulitengeneza gari la 1960 kuliko la 2020, na watu wa namna hiyo Tabora haijakosa.

La risasi lina uzito wake. Petroli yenye risasi iliondolewa kote Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, na injini yenye siti laini za chuma cha kusubu itaumia ikikimbizwa. Dawa yake inajulikana, nayo ni kuweka siti ngumu kabla ya safari. Beetle ilitoka kiwandani nazo. Kwa upande mwingine, injini hizi hazikandamizi sana mafuta, kwa hiyo huvumilia petroli dhaifu ambayo injini ya leo ingeikataa. Nchi iliyolazimika mwaka 2010 kuanza kutia vinasaba kwenye mafuta ili kuwanasa wanaochakachua inajua faida ya uvumilivu huo. Beetle haina rejeta ya kuvuja wala maji ya kuchemka, na kichujio chake cha hewa kina bakuli la oili linalonasa vumbi: unamwaga, unaosha, unatia oili nyingine. Vumbi la magharibi ya Tanzania litakupa kazi hiyo mara nyingi.

Ushahidi mkubwa zaidi uko kwenye mbio za magari za Afrika Mashariki. Mbio hizo zilianza 1953, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye zikawa zinaendeshwa wakati wa Pasaka ambapo mvua za masika ziko kileleni. Miaka ya mwanzo magari yaligawanywa kwa bei yake dukani, na Volkswagen ndogo zikawa zinarudi zikiongoza: 1953, 1954, 1957, tena 1962. Mwaka huo wa 1962 Pat Moss alishika nafasi ya tatu kwa Saab 96, kigari chenye injini isiyofika hata lita moja, na 1964 Erik Carlsson akashika ya pili kwa Saab ya aina hiyohiyo. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93 yakamaliza 7 vilevile, na miaka yote miwili aliyeshinda aliendesha Peugeot 404, gari la kawaida la familia. Siko tayari kusema kwamba takwimu hizi zinathibitisha kuwa kidogo ni imara kuliko kikubwa. Zinaonyesha jambo dogo zaidi: matope hayaulizi nguvu ya injini.

"Yale magari yalikuwa yameimarishwa chesi na springi," Dereva akaingilia. "Na nyuma yao kulikuwa na mafundi wenye spea. Usituuzie mbuzi kwenye gunia."

Sawa, Dereva. Yaliimarishwa, na mengine yalikuwa na watu wa kuyahudumia. Lakini hayo yalikuwa yakishindana usiku na mchana kwa mwendo ambao msafiri wetu hana haja nao. Toa mashindano na baki na uzito. Beetle iliyozama kwenye udongo mweusi wa mbuga inasukumwa na watu watano, na 2CV, yenye kilo 600 hivi, na watu watatu wenye nia. Gari la kilo 2,500 likizama mahali hapohapo linahitaji trekta. Na ukitaka kuona jinsi gari lenye nguvu lilivyokuwa na wapagazi wake waliofichwa, mtazame Paul Graetz, ofisa wa Kijerumani aliyeondoka Dar es Salaam Agosti 1907 kwa gari lililotengenezwa mahususi Gaggenau akafika Swakopmund, upande wa pili wa bara, Mei 1909. Petroli yake ilitangulizwa njiani na kuwekwa vituoni kwa ajili yake. Gari hilo la kwanza kuvuka bara kutoka pwani yetu lilikuwa msafara, ila tu bwana mkubwa alikuwa amekalia kiti.

Dereva hakuridhika, na mimi nadhani pingamizi lake ndilo zito kuliko yote.

"Nimekusikiliza, mzee. Sasa nisikilize mimi ninayelala kwenye hiyo lami. Kigari chako kina breki za ngoma magurudumu yote, mkanda wa kiti huenda hakina kabisa, na kikipanda mlima kinashuka hadi kilomita 40. Nyuma yako niko mimi na tani 30, na nyuma yangu kuna basi. Unataka watu wajifunze historia, au unataka wakazikwe?"

Basi halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na sote tunajua sheria hiyo inavyoheshimiwa pasipo na trafiki. Kwa hiyo sitajaribu kuupunguza uzito wa maneno hayo. Kati ya Chalinze, Morogoro na Dodoma kigari ni hatari kwake na kwa wenzake, na hakuna utamu wa historia unaolipia roho ya mtu. Anayekwenda aondoke alfajiri, asimame kabla ya jioni, asiendeshe usiku kamwe, aweke mikanda na taa za kisasa hata kama wapenzi wa magari ya kale watanuna. Na mwenye uwezo wa kukipakia kigari juu ya lori mpaka Manyoni, akipakie bila aibu. Misafara nayo ilibadilisha wapagazi.

Lakini tazama kinachotokea Manyoni. Malori mengi yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo hushika njia ya Singida, Nzega na Kahama. Hayapiti Tabora. Biashara kubwa ya leo, iliyo mrithi halisi wa msafara wa pembe, imeuacha mji uliokuwa kitovu chake ikapanda kaskazini. Njia ya kale kupitia Itigi ilibaki changarawe na vumbi kwa miaka mingi, na lami yake imekamilika juzijuzi tu, kipande cha Chaya hadi Nyahua kikiwa cha mwisho. Kwa sasa basi, kuanzia Manyoni kuelekea magharibi, ni barabara nzuri yenye magari machache kuliko ile ya kaskazini. Kutoka Tabora unapita Urambo, kwa Mirambo, kisha Kaliua, kisha mto Malagarasi ambao Stanley aliuvuka kwa mitumbwi baada ya kubishana nauli na wenye kivuko, na ambamo punda wake aliyeitwa Simba alichukuliwa na mamba. Leo pana daraja refu lililojengwa kwa mkopo wa Korea Kusini. Kisha ni Uvinza penye chumvi, na mwisho Ujiji. Nenda kati ya Juni na Oktoba. Novemba mvua zikianza, udongo wa mbuga hauhitaji maelezo yangu, na hapo nitakuwa upande wa Mwongoza Watalii na trekta lake.

"Mimi sina trekta," akasema Mwongoza Watalii.

Mwalimu alikuwa amesubiri hadi hapo. Sauti yake haikupanda.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mmekaa hapa mnapima lami na siti za valvu, na njia hii ilikanyagwa na watu waliofungwa minyororo. Tena hayo magari mnayoyaita ya kale yaliletwa na mabwana shauri na walowezi. Mtaketi ndani ya ukoloni ili mkautazame utumwa kupitia dirishani, halafu hilo mliite kuijua njia?"

Mwalimu, nakushukuru, kwa kuwa bila swali lako mjadala huu ungekuwa wa wapenda magari tu. Tanzania ilipoipeleka njia hii kwenye orodha ya awali ya UNESCO mwaka 2006, iliiita njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, na Kwihara, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji vimo ndani ya orodha hiyo pamoja na Bagamoyo. Jina hilo halitakiwi kulainishwa. Lakini tukiishia kwenye minyororo peke yake tutawadhulumu watu wengine. Sehemu kubwa ya mizigo ilibebwa na Wanyamwezi waliofanya kazi hiyo kwa ujira, wenye kirangozi wao mbele, wenye kanuni zao za kambi, na waliojua kutua mizigo wakagoma posho ilipopunjwa. Wasafiri wa wakati ule waliandika kwamba kijana wa Kinyamwezi hakuhesabiwa kuwa mtu mzima mpaka ameiona pwani. Mtumwa na mpagazi wa ujira walipita njia moja, mara nyingine ndani ya msafara mmoja, na nani alikuwa nani halikuwa jambo rahisi hata kwa waliowaona kwa macho. Ugumu huo ndio historia ya njia hii. Hauonekani kwenye kibao cha barabarani.

Na angalia majina tuliyoyashika. Tembe la Kwihara linajulikana kwa jina la Livingstone. Sidi Mubarak Bombay, aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akafika India, akarudi, akaandamana na Burton, Speke, Stanley na Cameron katika safari zao, hana tembe. Chuma na Susi pamoja na wenzao walioubeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo, alikofia Mei 1873, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874, walipita Unyanyembe wakakutana na Cameron. Aliwashauri wauzike palepale. Wakakataa. Mbele ya hapo walipoona kuwa watu wa njiani hawataki maiti ipite nchini mwao, waliufunga mwili upya ukafanana na robota la nguo, wakaeneza habari kwamba mabaki yamerudishwa kuzikwa, wakapita. Huo ni ujuzi wa njia kwa maana niliyoanza nayo: kujua nani anaruhusu nini, wapi, na kwa masharti gani. Hawakuupata kwa ramani.

Je, kigari kinamfundisha mtu haya? Hapana. Atayasoma kabla ya kuondoka, na asiposoma atafika Ujiji mjinga na mchafu. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho: aliyesoma halafu akaenda kwa chombo kinachomlazimisha kuomba, kulipa na kungoja ataelewa kwa nini waliombeba Livingstone hawakuweza kupita kwa nguvu. Aliyesoma halafu akapita kwa kasi ya kilomita 100 vioo vimefungwa atakuwa na habari ileile aliyokuwa nayo Dar es Salaam. Kuhusu magari ya mabwana shauri, nauliza yalitengenezwa na nani. Mwaka 1965 mbio za Afrika Mashariki zilishindwa na Joginder Singh, fundi wa Kenya, pamoja na ndugu yake Jaswant, kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na mwingine katika mbio za mwaka uliotangulia. Gari liliachwa na mwenye timu, likashinda mikononi mwa aliyejua kulifungua. Historia ya magari madogo katika nchi zetu imeandikwa zaidi chini ya boneti kuliko kwenye usukani, na wewe, Mwalimu, unayewatafuta wapagazi waliosahauliwa, ungefanya vema kuwatafuta mafundi wa enzi hizo wakati wangali hai.

Kuna sharti moja naliongeza kwa sababu ya maneno yako, nalo ni la fedha. Kumhitaji mtu na kumtumia bure ni mambo mawili. Msafara ulilipa: ujira, posho, hongo, nauli ya kivuko. Msafiri wa leo ana tabia ya kuita ukarimu kile ambacho ni kazi, akasukumwa kutoka matopeni na vijana sita kisha akawapungia mkono. Anayekwenda na kigari aweke fungu la wasukumaji na la mafundi tangu nyumbani, kama anavyoweka la petroli, na alipe bei ambayo mwenyeji angelipa na juu kidogo. Asiyeweza hilo apande treni. Reli imefika Tabora tangu 1912 na Kigoma tangu 1914, na hakuna anayelazimika kusukuma behewa.

Mwalimu akatabasamu, na tabasamu la Mwalimu nimejifunza kuliogopa.

"Basi nakuchukua kwa kipimo chako mwenyewe," akasema. "Chombo kinachohitaji watu ndicho kinachoionyesha njia. Kidogo ni bora kuliko kikubwa. Cha kale, chepesi, kinachotengenezeka popote. Katika Tabora chombo hicho kipo tangu zamani, na kinabeba mzigo mkubwa kuliko frasila zako mbili: magunia ya mkaa, madumu ya asali, majani ya tumbaku, na mgonjwa wakati wa shida. Kwa nini hukuanza na baiskeli?"

Ningeweza kujibu kwamba baiskeli haibebi watu wawili na mizigo yao kutoka Manyoni hadi Ujiji, lakini ameshasema kuhusu mgonjwa. Ningeweza kusema kwamba ni polepole mno, lakini nimetumia nusu ya makala hii kusifu kungoja. Kilichobaki ni kwamba gari lina injini, na injini ikikataa humfundisha mtu kumtegemea mwenye ujuzi, siyo mwenye nguvu za miguu peke yake. Ni jibu, ingawa jembamba. Kati ya kigari na Land Cruiser bado nasimama nilipokuwa. Kati ya kigari na baiskeli ni mjadala mwingine, na nikiitwa kwenye huo nitauanza nikiwa nyuma.

"Spoku na cheni ninazo dukani," Fundi akadakia. "Za kila saizi."